Ufuta wa Khatib

Sikumroga Khatib. Nalisema mapema kwa sababu hapa Wingwi wameshaanza kunong'ona. Nilichomfanyia ni kumwambia kweli, na nilimwambia kwa chuki.

Marehemu mume wangu, Haidar, aliacha kauli kwamba eka yetu niendelee kuilima mimi. Hakuandika popote. Nikiwa bado nimo edani, sitoki, ndugu yake Khatib akaenda kwa sheha akaapa kuwa kauli hiyo nimeizua, kwamba tangu niolewe sijasema neno la kweli. Sheha akakata hivi: Khatib apande ufuta msimu mmoja. Ukistawi, eka yake. Ukimshinda, yangu. Kuvuliwa ukweli wangu mbele za watu kuliniuma kuliko kunyang'anywa ardhi.

Sasa, ufuta si muhogo. Ukiuwahisha, masika yanaunywesha mpaka unarefuka bure, majani tele, maua yanapukutishwa na mvua. Ukiuchelewesha, jua linaukuta ungali mchanga. Haidar alikuwa akihesabu siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, ule wa Kiswahili unaoingia Julai. Alipokufa nikaendelea mimi, kwa mistari ya mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, na kila mtu alijua hesabu iko kwangu.

Eda ilipokwisha Khatib akaja, na sheha naye, awe shahidi. Akauliza apande lini.

"Kumi la thelathini na moja," nikamjibu. "Masika yakishachoka. Kabla ya hapo usitie mbegu."

Akatabasamu, akaaga. Nilijua atakalofanya. Mtu aliyeapa kuwa sisemi kweli angewezaje kuniamini? Wiki ile ile akapanda, mvua ikimwagika, siku thelathini nzima kabla ya wakati.

Nilifurahi, wala sioni haya kusema. Ningeweza kumwendea tena nikamsihi, sikumwendea. Ufuta wake ulipanda juu ukampita kichwa, wapita njia wakasema mashallah, nami nikisimama pale nikasema mashallah kuwashinda wote. Khatib akawa anatembea kifua mbele. Siku ilipofika nikatia konzi mbili za mbegu nyuma ya jiko langu, nikatulia. Mvumilivu hula mbivu, na mimi meno ninayo.

Kipupwe kikaja. Ufuta wangu ulikuwa mfupi, lakini ulishika maganda toka chini hadi kileleni, na sheha alipita mwenyewe kuutazama. Wa Khatib ulikuwa umelala, mizizi imeoza kwa maji. Alikata uliobaki, akausimamisha miganda ukauka, na siku ya kuukung'uta watu wakaitwa.

Akapindua mganda wa kwanza juu ya jamvi, akaupiga. Yakaanguka majani makavu. Wa pili hivyo hivyo. Alipomaliza yote, punje zilizokuwa jamvini hazikutosha hata kunyunyizia mikate ya futari moja.

"Umenitega, shemegi," akasema.

"Nimekutega kwa kweli? Sheha alikuwepo. Siku nilikutajia, na mvua nikakutajia."

"Nlidhani wanidanganya."

Niliingoja saa hiyo tangu nikiwa edani, nimevaa nguo zangu za msiba, na sikutaka inipite.

"Basi umeshajua kuwa miye si ntu wa kudanganya," nikamwambia. "Na ile kauli ya nduguyo, Khatib? Nayo nliizua?"

Sheha akamwita kwa jina lake, akamtaka ajibu.

"Hakuizua," akasema. "Haidar alinambia na miye."

Eka nikarudishiwa pale pale. Khatib ana kishamba chake kidogo bondeni, na mbegu zote alizimaliza kwangu. Juzi amemtuma mkewe, Zulekha, aniombe mbegu za msimu ujao, na msamaha pamoja. Nimempa Zulekha chai, tumezungumza vizuri, kisha nikamwambia kweli kama nilivyozoea: mbegu ninazo, na simpi.