Madirisha ya Ghorofa ya Tatu

Hoteli ya Mjomba ilisifika kwa baridi. Mgeni akivuka mlango wa vioo, jasho lilimkauka kabla hajafika mapokezi. Akikaa kidogo ukumbini, alianza kuulizia koti. Wahudumu walivaa sweta chini ya sare, na dada wa mapokezi alikuwa na mafua yasiyojua likizo. Mjomba aliyahesabu yote hayo kuwa sifa. Alikulia katika chumba kimoja cha bati, watoto wamebanana kama dagaa, na alipojaliwa kulinunua lile jengo kuukuu la fahari, neno lake la kwanza lilikuwa: "Chini ya paa langu hakuna atakayetoka jasho." Akayapigilia misumari madirisha yote, akayapaka rangi, akatundika kiyoyozi kila chumba.

Kwa hiyo binti wa dada yake alipomwambia anataka kuyafungua, Mjomba alimkodolea macho kama mtu aliyeombwa avue nguo sokoni.

Huyo mpwa ndiye aliyekuwa akisimamia matengenezo ya hoteli. Wafanyakazi walimwita Bi Nyundo, kwa sababu nyundo haikumtoka mkononi, na kwa sababu neno lake akishalianza hulipigilia mpaka lizame. Sababu za kufungua alikuwa nazo. Umeme ulikuwa ukikatika kila kukicha, na ili viyoyozi visizime, jenereta lililokaa uani lilinguruma na kutema moshi mweusi uliotua kwenye nguo za majirani zilizoanikwa.

"Mjomba, tunapoza humu ndani kwa kuwachafulia wenzetu huko nje," alisema.

"Wageni wanafuata baridi, mwanangu. Hiyo ndiyo raha."

"Raha ni kulala vizuri. Sitaki watoke jasho, Mjomba. Nataka wasitetemeke."

Mjomba alicheka bila kupenda. Akafikiri, akakuna kidevu, kisha akampa ghorofa ya tatu. "Hiyo tu. Ikikushinda, kila msumari utaurudisha kwa mkono wako mwenyewe."

Bi Nyundo hakungoja mara ya pili. Akapanda na maseremala wakaanza kung'oa. Chini ya rangi iliyoshonana tabaka juu ya tabaka kulikuwa na madirisha ya mbao ngumu, yenye vibao vya kulaza na kusimamisha ili upepo uingie na jua libaki nje. Wakabomoa dari ya chini iliyobandikwa zamani kuficha nyaya. Juu yake chumba kikaendelea kwenda juu, kama mtu aliyekuwa amejikunja akanyoosha mgongo. Wakashusha viyoyozi, wakafunga mapangaboi darini. Juu ya paa zikapangwa paneli za sola za kuwasha taa na kuchemsha maji ya kuoga. Siku dirisha la kwanza lilipofunguka, vumbi liliwajaa wote usoni, na seremala mzee akapiga chafya mpaka meno ya bandia yakamtoka. Walicheka, wakayatafuta, wakaendelea na kazi.

Wageni wa kwanza wakapangishwa huko. Asubuhi yake mama mmoja, mgeni wa miaka mingi, alishuka kunywa chai akiwa na macho mekundu.

"Upepo ni mtamu, mwanangu," alimwambia Bi Nyundo. "Lakini nimelala na jenereta kitanda kimoja. Alfajiri nikaamshwa na vitunguu."

Kwa bahati mbaya Mjomba alikuwa meza ya pili. Alinyoosha tu mkono na kumwigizia mtu anayerudisha msumari kwa nyundo.

Bi Nyundo aliumia, lakini hakukaa chini kulia. Dirisha likifunguliwa huingiza kilichopo nje. Basi kilichopo nje ndicho cha kurekebishwa. Na kilichopo nje, chini kabisa ya ghorofa ya tatu, kilikuwa jikoni: majiko ya mafuta yanayovuma, feni ya moshi yenye kelele za kinu, na jenereta kando yake. Jikoni alitawala mume wa dada yake Bi Nyundo, mpishi mkuu, ambaye hata mwenye hoteli alimwita Jemadari.

"Shemeji, nataka ubadilishe majiko. Tuweke ya umeme, tuyalishe kwa jua."

"Moto nisiouona siwezi kuuamrisha," Jemadari alijibu bila kuacha kukatakata.

"Hasira za dada yangu nazo huzioni, na mbona zinakuunguza?"

Wapishi waliangua kicheko. Jemadari aliinua kisu, wakarudi kwenye sufuria zao. "Majiko yangu hayaguswi, shemeji. Mwisho."

Kubishana naye kungekuwa kumpigia mbuzi gitaa. Bi Nyundo akatumia njia nyingine. Kila baada ya chakula cha mchana Jemadari hulala kidogo stoo, juu ya magunia ya mchele. Siku hiyo alipewa ufunguo wa chumba cha ghorofa ya tatu, shuka safi na mto wa manyoya. "Jifanye mgeni, shemeji. Mchana mmoja tu."

Alipanda akichekelea. Aliposhuka hakuwa akicheka. Uso ulikuwa umemvimba kwa kukosa usingizi, na shati linanuka mafuta ya kukaangia.

"Ile feni," aliuliza taratibu, "huwa inapiga kelele vile siku zote?"

"Siku zote."

"Na nimemsikia yule wa supu akiniigiza sauti. Neno kwa neno." Alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. "Leta hayo majiko yako. Lakini moja la moto uniachie. Mwanamume hawezi kunyang'anywa kila kitu kwa siku moja."

"Moja la gesi," alisema Bi Nyundo. "Dogo."

Paneli na betri ziliongezwa, na siku ya kwanza ya majiko mapya ilikuwa balaa. Maziwa yalifurika, mchuzi ukaungua, na Jemadari akarusha mwiko ukatua kwenye sinki. Alikuwa tayari amevua aproni na kuitupa chini. Bi Nyundo aliiokota, akaivaa mwenyewe, akavuta ndoo ya viazi na kuanza kumenya.

"Unafanya nini wewe?"

"Watu wana njaa. Unaniambia jiko niliweke namba ngapi, au nibahatishe?"

Jemadari alimtazama akimenya vibaya, nusu ya kiazi ikienda na ganda. Hakuweza kuvumilia. Akarudi kwenye majiko yake. Chakula kilichelewa sana, lakini kilitoka, na kesho yake kilichelewa kidogo, na wiki iliyofuata hakikuchelewa. Feni kubwa ya moshi ikaondolewa, ikawekwa ndogo isiyosikika. Umeme ukikatika, sola ikabeba hata viyoyozi vya ghorofa nyingine, na jenereta likabaki kuwashwa mara mojamoja tu, mawingu yakikaa muda mrefu.

Kisha joto lenyewe likaja, lile la kumfanya mbwa alambe kivuli. Vyumba vingi vilistahimili. Kuta zilikuwa nene, na upepo uliingia huku ukatokea kule. Lakini viwili vya upande wa magharibi viligeuka tanuri. Bi Nyundo alitundika turubai za kivuli nje, akaongeza mapazia, akalala humo mwenyewe kujaribu. Haikusaidia. Akaenda ofisini kwa Mjomba kabla hajaitwa.

"Vile viwili vimenishinda. Narudisha viyoyozi humo, vidogo, vya kutumia sola."

Mjomba alikuwa amejiandaa kushinda, ikawa hana wa kumshinda. "Na vingine?"

"Nenda ukakae, Mjomba."

Akapanda, mchana ule ule, amevaa koti lake la suti. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha. Baada ya muda alivua koti, akaomba chai, na ya moto. Aliuliza vibao vinalazwaje, akavilaza na kuvisimamisha mara kadhaa kama mtoto aliyepewa saa. Uani mwa jirani mwanamke alikuwa akianika mashuka meupe.

"Wapo wageni watakaohamia kwenye baridi ya hoteli nyingine," alisema hatimaye.

"Wapo. Wawili wameshaondoka."

"Ghorofa ya pili ina vyumba vingi kuliko hii."

"Najua. Nahitaji maseremala wanne."

"Nakupa wawili. Na ofisi yangu usiiguse."

"Watatu, Mjomba, na ofisi sitaigusa mwaka huu."

Mjomba alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. Jumatatu maseremala watatu walipanda ngazi na mitaimbo ya kung'olea misumari, Bi Nyundo akiwa mbele.