Sebule Ilikuwa ya Benki

Kwa muda mrefu sebule ya nyumba yetu haikuwa yetu. Ilikuwa ya benki. Mgeni akija nilimwambia bila haya: karibu sana, pita, lakini tutakaa jikoni, maana kule sebuleni ni kwa watu. Wengine walicheka, wengine walinuna. Mimi ni mtu wa kaunta, nauza vipuri vya magari, na kununiwa nimezoea.

Mambo yalianza hivi. Tulichukua mkopo wa nyumba wa miaka ishirini. Mume wangu anafundisha hesabu, mpole mpaka anakera, na kila mtu humwita Mwalimu, mimi pia. Siku ya kusaini tulipiga picha tukicheka meno yote nje. Kukopa harusi, kulipa matanga. Baada ya miaka miwili nikamwomba aangalie deni limepungua kiasi gani. Akapiga hesabu, akavua miwani. Karibu kila tulichotoa kilikuwa kimekwenda kwenye riba, deni lenyewe halijatikisika. Nikasema hapana. Mimi nizeeke nikiwafanyia kazi watu hawa? Thubutu.

Nikatafuta wenzangu waliobanwa kama mimi. Nilimpata Nesi, mjane anayefanya kazi wodi ya wazazi, ambaye mumewe alimwachia watoto wawili na nyumba iliyowekwa rehani. Nikampata na dereva wa lori tunayemwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Nyumba tatu, madeni matatu. Tukakubaliana kila mmoja alipe rejesho lake la kawaida, halafu kila mwezi sote tujibane, tutoe cha ziada, na hicho chote kiende kwenye nyumba moja. Hiyo ikikombolewa, nguvu zote zinahamia ya pili, pamoja na rejesho la yule aliyekwisha kutoka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukapiga kura, zamu ya kwanza ikatuangukia sisi, ya pili Nesi.

Wazo la utepe lilikuwa langu. Nilichukua dukani ule utepe mwekundu wa mafundi umeme, Mwalimu akapima sakafu ya nyumba nzima na kuigawa kwa deni, nikaubandika chini. Huku kwetu, kule kwa benki. Kila tukilipa tunaubandua na kuusogeza. Nilianzia jikoni, maana sikuwa tayari kupika kwenye jiko la benki. Na kikundi kikaweka sharti kwamba vikao tutakaa upande uliolipiwa tu. Kikao cha kwanza tulibanana wanne mbele ya jiko, Nesi amekalia ndoo, Kimya mguu mmoja uko nje ya mlango wa nyuma. Alisema haba na haba hujaza kibaba, na aliendelea kulisema kila mwezi mpaka Nesi akamtishia sindano.

Vikao vyenyewe havikuwa na huruma. Kila mtu alitaja alichonunua mwezi ule, na wenzake wakamsema. Mimi nilisemwa kwa ajili ya viatu. Niliteta, nikapaza sauti, nikashindwa, nikavirudisha dukani. Lakini mtoto wa Nesi alipolazwa na mama mtu akashindwa kutoa, hakuna aliyekunja uso. Kimya alichukua safari ya ziada akaziba pengo, akatusimulia safari hiyo kwa saa nzima kama malipo.

Utepe ulipofika chumbani kwetu, upande wa Mwalimu wa kitanda ulitangulia kukombolewa. Mwezi mzima nililala kwa benki, naye akawa ananidai kodi.

Ikabaki sebule. Na sebuleni ndiko alikopenda kukaa shemeji yangu, kaka wa Mwalimu, mtu tunayemwita Bwana Mkubwa. Baba yao alipofariki ndiye aliyemlea Mwalimu, akamlipia ada tangu sekondari hadi chuo. Ni kweli, na sijawahi kulikana hilo. Lakini tangu hapo hakuna alichoomba akakikosa. Mwalimu alimchangia harusi zake zote mbili, akauza pikipiki yetu kumtoa kwenye kesi ambayo hata leo sijaelewa ilikuwa ya nini. Nikiuliza, jibu lilikuwa moja: ndiye aliyenisomesha. Mwanamume mzima, anayenyamazisha darasa la wanafunzi hamsini kwa kukohoa tu, hajui kumwambia kaka yake hapana.

Alikuja siku ya kikao. Tulikuwa tumekaa karibu na mlango wa sebule, nyuma ya utepe. Yeye akauruka, akajitupa kwenye kochi kubwa.

"Shemeji, hapo ni kwa benki," nikamwambia.

"Nyumba ya mdogo wangu ni yangu." Akatoa karatasi kwenye mkoba. "Nimeshazungumza na watu. Deni lenu limebaki kidogo, kwa hiyo nyumba hii inaweza kubeba mkopo mwingine, tena mnono. Nanunua basi. Basi linajilipa lenyewe. Mwalimu anasaini tu hapa."

"Shemeji, mimi nauza vipuri. Wenye mabasi yanayojilipa yenyewe nawajua wote, wanakuja kunililia kaunta."

"Sisemi na wewe, shemeji. Nasema na damu yangu."

Nikamtazama Mwalimu. Akisaini, utepe unarudi jikoni, labda unatoka hadi barabarani. Na Nesi, ambaye miaka yote ile alikuwa akitoa cha kwake kiende kwenye nyumba yetu, zamu yake inakufa. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama vidole vyake. Hata Kimya alinyamaza. Niliogopa. Nasema kweli, mimi mwenye mdomo huu, niliogopa, kwa sababu nilimjua mume wangu.

"Mdogo wangu," shemeji akasema taratibu, "nani alikulipia ada?"

"Wewe, kaka."

"Basi saini."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Kalamu hakuishika.

"Ilikuwa kiasi gani?" akauliza.

"Nini kiasi gani?"

"Hiyo ada. Yote, tangu mwanzo."

Shemeji akacheka, akatutazama tucheke naye. Hatukucheka.

"Benki walinitajia kiasi," Mwalimu akasema kwa ile sauti yake ya darasani. "Ndiyo maana ninaweza kulipa. Deni la kwako hujawahi kulitaja, kaka. Natoa mwaka hadi mwaka na halipungui. Nitajie, nilipe, liishe."

"Unataka kunilipa mimi? Kama mwenye duka? Kweli fadhila za punda ni mashuzi."

"Nitajie."

Shemeji alisimama. Kwa hasira akataja kiasi ambacho ungenunulia nusu ya hiyo shule pamoja na mwalimu mkuu wake. Nikafungua mdomo, nilikuwa na mengi ya kusema, lakini Mwalimu akaninyooshea kiganja. Hajawahi kunifanyia hivyo tangu anioe.

"Nimekubali," akasema. "Tunamaliza nyumba kwanza, na zamu ya Nesi haiguswi. La kwako nitalilipa kwa jasho langu, kila mwezi. Nitaomba risiti."

Nesi akainuka, akavuta utepe mwingine mpya, akaukata kwa meno. Akaubandika ukutani, kutoka darini hadi chini. "Huu ni wa kaka," akasema, akarudi kukaa.

Bwana Mkubwa alikusanya karatasi zake akaondoka bila kuaga. Mimi nilinuna wiki nzima. Nilimwambia Mwalimu ameibiwa mchana kweupe, tena kwa kujitakia. Akanijibu kwamba deni hilo ni ghali, lakini lina mwisho. Ndipo nikaacha kununa, ingawa moyo uliendelea kuniuma kwa zile hela, na bado unaniuma.

Siku tuliyomaliza nyumba, karani wa benki alitushangaa. Miaka ishirini imekuwa tisa, akauliza, mbona mmewahi hivi? Nikamjibu kwamba sikuwahi kuona wageni wanaokaa sebuleni kwangu muda mrefu namna ile. Akatukabidhi hati ya nyumba. Kikao kilichofuata kilikuwa kwa Nesi, tumesimama kwenye kibaraza chake, rejesho letu lote likiingia kwake.

La shemeji tulilipa polepole. Mwalimu alifundisha masomo ya ziada kila Jumamosi, akarudi na chaki hadi kwenye nyusi. Ule utepe wa ukutani ukafupika, mwezi huu shubiri, mwezi ule nusu shubiri, na kila mgeni aliyeuliza nilimweleza ni wa nani. Aibu ilikuwa ya nani mimi sijui, lakini yangu haikuwa.

Siku ya bahasha ya mwisho nilifuatana naye hadi kwa kaka yake. Tuliletewa chai. Shemeji alihesabu, akarudia, akaandika risiti akiwa amekaza midomo. Nikadhani tumemaliza. Lakini binadamu ana mambo. Alisogeza kiti karibu, akamshika mdogo wake goti, akasema kwa kuwa sasa nyumba iko huru, ule mpango wa basi upo palepale.

Mwalimu alimsikiliza. Alimsikiliza kweli, akamuuliza abiria ni wangapi, dereva atakuwa nani, basi likilala gereji mwezi mzima itakuwaje. Sijawahi kuwaona wakizungumza hivyo, kama ndugu waliokulia chumba kimoja. Nilianza kupata joto, nikashika kikombe kwa mikono miwili ili nisiseme kitu.

"Hapana, kaka," Mwalimu akasema.

Hakueleza. Hakuomba radhi. Shemeji alifungua kinywa, na nililiona lile swali lake likija, la nani alikulipia ada. Akatazama risiti aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, ikiwa bado mezani. Akafunga kinywa.

Mwalimu akasogeza kikombe chake, akaomba aongezewe chai.