Ubeti wa Jiko na Mwiko

Mwaka 1975 darasa letu la kisomo cha watu wazima pale Temeke lilikuwa na wanawake kumi na sita, ubao mmoja na shairi moja. Shairi lenyewe lilikuwa la Mzee Mwishehe, malenga aliyeheshimiwa Temeke nzima. Mwalimu Leodegar alilibandika ukutani, akatufundisha kulighani kabla hata hatujaijua herufi a. Miezi sita tuliliimba huku tukinyonyesha watoto, na sauti ilikuwa tamu kweli.

Mimi nilikuwa nautaka ukarani wa duka la ushirika. Bila cheti cha kisomo, hakuna. Nilishachoka kulifagia duka ambalo ningeweza kuliendesha.

Siku moja nikaacha kughani, nikasoma ubeti wa tatu neno kwa neno:

Mke chuo chake jiko,
kalamu yake ni mwiko.

Nikarudia mara tatu. Hasira zikanipanda.

"Mwalimu," nikasema, "huyu si anasema sie hatutakiwi humu?"

Leodegar akanitazama kama nimetema mate kanisani. "Huyo ni Mzee Mwishehe, Sesilia! Hakosolewi. Anaghaniwa."

Siku ya mtihani mgeni rasmi akawa Mzee Mwishehe mwenyewe, na kanzu yake imenyooshwa pasi mpaka inang'aa. Leodegar alimfutia kiti kwa leso yake. Nikaitwa wa kwanza. Nikatoa shikamoo, nikasoma shairi zima bila kukwama popote.

"Na shikamoo ya pili, mzee wangu," nikaongeza, "hii ya kuomba radhi. Ubeti wa tatu ni upuuzi mtupu. Mie kalamu nimeshika, na ugali nyumbani haujawahi kuungua."

Mwenzangu mmoja akapiga kigelegele. Mzee akasimama, akamnyooshea Leodegar kidole.

"Mfelishe! Amenivunjia heshima mbele za watu!"

Nikajua ukarani umeota mbawa. Niliogopa, sifichi, na mdomo wangu niliuchukia. Leodegar alikuwa ameshika fomu yangu ya mtihani, jasho linamtoka, mtu ambaye kila asubuhi alilifuta vumbi lile shairi kabla ya kutusalimia sisi. Akaisoma fomu mbele, akaigeuza nyuma, akarudi tena mbele.

"Mzee wangu," akasema kwa sauti ndogo, "hapa wameuliza mambo mawili tu. Anasoma? Anaelewa? Mstari wa heshima hawakuuweka."

Akatia vema ya kwanza. Akanitazama, akatia ya pili.