Udi Juu ya Sigara

Habibah alikuwa na hasira, na hakuwa na pa kuitemea. Mzazi wa kabila la Wanubi hatoki nje mpaka arobaini yake iishe. Anakaa chumbani na mwanawe, anakandwa, analishwa uji, anafukiziwa udi. Sawa. Mila hiyo aliipenda tangu zamani. Lakini nani alimwambia kwamba atafungiwa ndani pamoja na sigara za Uthman?

Maana Uthman, mumewe, fundi wa giaboksi za malori kwenye gereji za Kisenyi, akirudi kutoka kazini anajitupa kwenye kochi sebuleni, anawasha moja, na kabla haijaisha anawashia nyingine papo hapo. Kati ya kochi na kitanda cha mzazi palikuwa na pazia tu. Pazia! Kwani moshi unabisha hodi? Mama mkwe, Bi Nabilah, akisikia harufu anakuja mbio na chetezo, anatupia udi juu ya makaa, anakizunguka chumba kizima. "Haya, umekwisha," husema, huku akikohoa kile kikohozi chake cha miaka mingi. Na mtoto, Tamim, anakohoa naye.

Asubuhi ile Tamim aliamka anapumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani, kifua kikipiga filimbi. Kwa ugonjwa mzazi anaruhusiwa kutoka, basi wanawake hao wawili wakamkimbiza zahanati. Daktari alimhudumia mpaka akatulia, kisha akainusa shali aliyofunikwa mtoto, akauliza nani anavuta sigara nyumbani.

"Baba yake, lakini sebuleni," Bi Nabilah alijibu upesi. "Na mimi nafukiza udi, moshi unaondoka."

"Inayoondoka ni harufu, mama. Sumu inabaki palepale, na huo udi nao ni moshi juu ya moshi. Mapafu ya mtoto huyu hayatastahimili mara nyingine kama hii."

Alasiri Uthman aliporudi kutoka kazini, Habibah alimweleza yote, neno kwa neno. Uthman akasikiliza, akatikisa kichwa, kisha, wallahi, akapapasa mfuko wa shati akatoa pakiti!

"Madaktari nao wana maneno mengi. Mimi nimelelewa ndani ya moshi wa marehemu baba, na leo nabeba giaboksi peke yangu. Nina ugonjwa gani?"

Kiberiti kikawaka. Bi Nabilah akanyanyuka kwenda kutafuta chetezo.

Hapo damu ilimchemka Habibah. Alimbeba mtoto, akakokota mkeka, akampita mumewe bila hata kumtazama, akatoka mpaka uani. Akatandika karibu na kamba ya nguo, akaketi. Majirani waliokuwa wakifua wakaacha kufua. Mzazi nje, arobaini haijatimia!

Uthman alitoka mbio. "Una wazimu? Rudi ndani, unaniaibisha!"

"Nakuaibisha? Aibu utaisahau. Mtoto ukimzika utamsahau lini? Unamuua, Uthman! Unamuua umekaa kwenye kochi, umekunja nne!"

"Mama!" Uthman aliita. "Njoo umrudishe huyu ndani."

Bi Nabilah alitokea mlangoni na chetezo mkononi. Yeye ndiye aliyeshika mila za nyumba ile, na hakuna mzazi aliyewahi kumshinda. Alimtazama Habibah, akamtazama mjukuu wake aliyekwisha kulala, anapumua polepole. Kisha kikohozi kikamshika, kikamwinamisha mpaka akaegemea ukuta. Kilipomwachia, aliyamwaga makaa chini, akayazima kwa maji ya kufulia.

"Unauliza una ugonjwa gani," alimwambia mwanawe. "Wewe ulikuwa ukishinda nje unacheza mpira. Mimi ndiye niliyekaa ndani na baba yako, na sigara zake, miaka yote ile. Sijawahi kutia sigara mdomoni, Uthman. Hata moja. Sasa niambie, kikohozi hiki nimekitoa wapi?"

Sigara ilikuwa bado inaungua kati ya vidole vya Uthman.

Bi Nabilah alivua kandambili, akaketi mkekani kando ya mkwewe, akamfunika mtoto miguu.

"Arobaini tutaimalizia hapa," alisema. "Nyumba kaa nayo wewe na moshi wako."