Nyuma ya Ukuta wa Bustani za Juu

Edivan Sarmento alifundisha jiografia asubuhi, na mvua ya alasiri ilipoanza kuupiga mji wa Belém, Brazili, alikuwa keshajilaza kwenye bembea ya kulalia, chumba cha nyuma, akizitazama gemu zake za video. Sisemi alizicheza. Alizitazama. Zilijaza rafu za ukuta mzima, maboksi yamesimama kama vitabu, na mengi yalikuwa bado ndani ya nailoni ya kiwandani, hayajafunguliwa na mkono wa mtu. Mashine zenyewe zilikaa chini: nyeusi, kijivu, na moja nyeupe iliyogeuka manjano kama jino la mvuta tumbaku. Kwenye kona kilinguruma kifaa cha kukausha hewa, maana Belém hewa yenyewe ni maji, na unyevu hula karatasi kimyakimya.

Mapenzi hayo alitoka nayo utotoni, Soure, ng'ambo kwenye kisiwa cha Marajó, alikolelewa na shangazi yake Lindalva. Pale Soure palikuwa na duka moja la kukodisha gemu. Watoto wenye uwezo walikaa mbele ya televisheni, na wasio na uwezo walisimama nyuma yao. Edivan alisimama nyuma. Ukisimama nyuma unaona vichwa vya wenzako kuliko unavyoona gemu, kwa hiyo macho yake yalihamia kwenye kabati la kioo, kwenye picha za maboksi: panga zinazowaka, misitu ya zambarau, miji inayoelea. Akirudi nyumbani alizicheza zote kichwani, na huko hakuna aliyemwambia zamu yake imekwisha. Alipokuwa mtu mzima mwenye mshahara alianza kununua maboksi yale moja moja, na akagundua kwamba lile lisilofunguliwa ndilo linalompa usingizi mtamu zaidi. Gemu iliyofungwa, alikuwa akisema, bado inaweza kuwa chochote.

Lililo bora kuliko yote liliitwa Bustani za Juu. Ilikuwa gemu ya zamani, iliyotengenezwa na kampuni ndogo ya São Paulo iliyokufa kabla haijajulikana. Juu ya boksi palichorwa msichana mwenye kopo la kumwagilia maji, amesimama kwenye bustani iliyoota juu ya wingu. Wakusanyaji walijua nakala chache sana, na yenye nailoni waliijua hii tu. Rafiki yake Wanderlei, mkusanyaji mwenzake aliyekuja kila Jumamosi baada ya mvua, kabla ya kuishika alikuwa ananawa mikono na kuifuta kwa kitambaa.

"Siku ukifa," Wanderlei alimwambia, "mkeo simtaki, nyumba siitaki. Nipe msichana wa wingu."

"Mke sina, na nyumba ni ya kupanga."

"Si ndiyo nikasema? Huyo binti ndiye urithi peke yake."

Mwaka ule, mvua zilipokuwa nyingi zaidi, shangazi Lindalva alivuka kutoka Soure. Presha ya macho ilikuwa imemla jicho la kushoto na sasa ilianza la kulia, na madaktari walikuwa Belém. Edivan hakuwa na chumba kingine. Akamtundikia bembea palepale katikati ya gemu, akamwomba radhi kwa ule mngurumo wa kona.

"Huo hauna neno," shangazi alisema. "Mjomba wako alikoroma kuliko hivyo, na yeye hakuwa na swichi."

Hospitali walimpa dawa za matone, na daktari akawaeleza ukweli kwa upole: jicho lililobaki litafifia, dawa zitalichelewesha tu. Rangi zitatangulia kuondoka. Walirudi nyumbani. Shangazi alikula samaki wa kukaanga kwa rojo la matunda ya açaí na unga wa muhogo, akala vizuri kama siku zote, kisha akaingia chumbani na kusimama mbele ya rafu, uso karibu kabisa na maboksi, akisogea polepole kama anayenusa.

"Huyu msichana anafanya nini huku juu?" aliuliza.

"Anamwagilia bustani, shangazi."

"Halafu?"

"Sijui. Sijawahi kuicheza."

"Unayo tangu lini?"

"Zamani sana."

Shangazi alimgeukia na jicho lake jema. "Edivan, mwanangu. Mimi nilidhani unapenda michezo."

Hakumwambia fungua. Alirudi kwenye bembea yake, akajifunika shuka na kufumba macho. Edivan akabaki pale, na mvua ikaanza kupiga bati. Baadaye alisema kwamba hakuamua jambo lolote. Aliliona tu boksi likiwa mkononi mwake, na kucha ya kidole gumba ikitafuta pale nailoni ilipokunjwa. Ilichanika kwa sauti ndogo sana. Ikatoka harufu ya wino na plastiki mpya, harufu ya duka la Soure asubuhi linapofunguliwa, na shangazi akasema bila kufumbua macho, "Hiyo naijua."

Alichomeka kaseti kwenye mashine nyeusi na kuwasha televisheni yake ya chogo. Likatokea anga la buluu, ukatokea muziki wa filimbi, na msichana mdogo akasimama pembeni akisubiri. Edivan alimpa shangazi pedi ya kuchezea. Shangazi hakuwahi kushika kitu kama hicho maishani mwake.

"Hiki cha kuruka?"

"Hicho. Na hiki cha kumwaga maji."

"Basi nyamaza uniache."

Ukweli usemwe, gemu ilikuwa dhaifu. Maadui wake walikuwa ndege wanaokwenda na kurudi palepale, na bustani ya tatu iliishia kwenye ukuta wa mawe usio na mlango. Waliutafuta mlango kwa siku nyingi, mvua baada ya mvua. Edivan aliamini kampuni ilikosa muda ikauza kitu ambacho hakijakwisha. Shangazi hakujali. Alirukaruka mbele ya ukuta ule, akimwaga maji kwenye mawe, akiongea na msichana kama anavyoongea na kuku wake, na alasiri moja alimrusha msichana akiwa amegeukia nyuma, naye akapenya.

Nyuma ya ukuta hapakuwa na kitu. Palikuwa peupe, weupe wenye buluu kwa mbali, hauna juu wala chini, na huku na huku vipande vya majani vikielea pasipo shina. Muziki ulikuwa umepungua na kubaki noti mbili, moja ya juu na moja ya chini, zikipokezana polepole. Msichana alitembea, na nyayo zake zikaacha mistari midogo ya rangi ambayo ilikaa kidogo ikafutika.

"Hapa ni mbugani," shangazi alinong'ona. "Mbuga zetu za Marajó zikifurika. Unakumbuka? Maji na mbingu vinashikana, mtu akipita na mtumbwi unaona kama anaruka."

"Ni kosa la watengenezaji, shangazi. Walisahau kufunga ukuta."

"Wamefanya vizuri kusahau."

Kuanzia hapo hawakutafuta mlango tena. Kila alasiri walipita nyuma ya ukuta na kutembea. Yeye alishika pedi, Edivan alikaa sakafuni kando yake, na kadiri jicho lilivyofifia ndivyo alivyozidi kumsimulia: sasa kuna jani la kijani kulia, sasa mbele peupe tu, sasa umeacha mstari mwekundu. Wakati mwingine alisinzia katikati ya maneno na kuendelea kusimulia ndotoni, na akizinduka alikuta shangazi anasikiliza kwa adabu.

Wanderlei alipoliona boksi lililochanika aliketi sakafuni.

"Umeua mtu," alisema.

"Ingia uone ndani kuna nini."

"Sitaki kuona! Wewe ni mwalimu, unafundisha watoto wa watu! Ile nailoni hairudi, Edivan. Hairudi!"

"Kijana," shangazi alisema kutoka kwenye bembea, "hata mimi siku zangu hazirudi, na sipigi kelele hivyo."

Wanderlei aliondoka bila kunywa kahawa. Kwa miezi hakuja, na kwenye kundi lao la simu alimwandikia Edivan maneno ambayo rafiki haandiki. Edivan aliumia kweli. Nyakati nyingine alitazama pengo lililobaki rafuni, akahisi kama mtu aliyeuza ng'ombe wa ukoo. Alifungua maboksi mengine mawili, akakuta moja tamu na moja la kipuuzi kabisa. Mengine aliyaacha na nailoni zao, kwa sababu bado alipenda kulala akiyatazama, na hakuona aibu kulisema.

Siku moja Wanderlei akabisha mlango, amelowa chapachapa, na kamba wa kukaanga kwenye mfuko.

"Huo ukuta," alisema akiangalia viatu vyake. "Mnapitaje?"

Shangazi alirudi Soure kiangazi, hospitali ilipokuwa imefanya ilichoweza. Mwaka uliofuata giza lilimaliza kuingia. Likizo za shule Edivan huvuka na mashine nyeusi ndani ya begi la nguo, televisheni huazima kwa jirani, na wawili hao hukaa barazani huku nyati wa kufugwa wakipita barabarani wakiburuta miguu.

Mara ya kwanza alianza kumsimulia kama zamani. "Sasa uko mbele ya ukuta, shangazi. Sogea kidogo kushoto, halafu..."

"Shh." Vidole vyake vilikuwa vimekwisha ruka. Filimbi ilikatika, zikabaki noti mbili. Alitabasamu, akatembeza msichana taratibu, akageuza kichwa kuelekea kwa mpwa wake. "Nimeshapita. Wewe umebaki wapi?"