Nafasi za Kazi Kabla ya Baraka

...au sikuupunguza ule moto, nilipunguza, nadhani nilipunguza, nilishika swichi ya jiko kwa mkono wenye unga, ndipo kengele ya pili ikalia nikatoka mbio viatu mkononi, maana mke wa mchungaji hachelewi, basi kama sufuria imeungua imeshaungua, na huyu mzee hana haraka hata kidogo, ana karatasi zake mkononi, kila moja imekunjwa kivyake, anazikunjua polepole kama anafungua zawadi, Mzee Mwisho-Kabisa, wanakwaya ndivyo wanavyomwita, kwa sababu kila Jumapili wakati wa matangazo husema na mwisho kabisa, watu wakaanza kukusanya mikoba wangoje baraka, kumbe ndiyo kwanza anaanza, "na mwisho kabisa," anasema sasa hivi, "nafasi za kazi katika dayosisi yetu," nami namsikia kwa sikio moja, benchi hili lina msumari ulioinuka, kila wiki nasema nitamwambia fundi, "dereva wa ofisi ya askofu, awe na leseni halali, asiwe mlevi," watu wanacheka chinichini maana yule wa zamani tunamjua, "mhasibu msaidizi, awe na cheti na uzoefu," binti yangu kule kwenye kwaya anatafuna kitu, namwona, anadhani kitabu cha nyimbo kinamficha, "kasisi wa parokia," anasoma mzee, na anaitaja parokia yenyewe, na parokia yenyewe ni hii tuliyokaa ndani yake... hii... "nafasi itakuwa wazi kuanzia mwanzo wa mwaka," kwa sauti ileile ya leseni na ulevi, hajasikia alichosoma, yeye husoma chochote kilichoandikwa, siku moja alisoma hata tafadhali geuza ukurasa, akageuza, akaendelea, lakini sasa amekwama, anaurudia mstari kwa kidole, anainua miwani, anamtazama mume wangu aliyekaa kwenye kiti chake karibu na madhabahu, "yaani... ni hapa kwetu, Mchungaji?" anauliza ndani ya kipaza sauti, kanisa zima linavuta pumzi, na mume wangu anainamisha kichwa kidogo tu, ndiyo, endelea.

Ndiyo, endelea! Kumbe anajua, anajua na amelala kitanda kimoja na mimi, asubuhi nimemnyooshea kola nikamtoa uzi begani, akasema asante mama, akanyamaza, na sasa vichwa vinageuka, wala havigeuki kwake, vinageuka kwangu, safu kwa safu, kana kwamba mimi ndiye niliyeandika tangazo, nami nimeshavaa uso wangu, ninao uso wa kazi hii, uso wa misiba na harusi na wageni wasiotoa taarifa, mdomo umefumba kidogo, macho laini, jikaze kisabuni mwanamke, wasikuone, na mwenyekiti wa akina mama ananiinamia, harufu ya mafuta yake ya nywele inanijaa puani, "Mama Mchungaji, kwani mnahama?" "Tusikilize matangazo, mama," "lakini amesema..." "nimesikia alivyosema," na kule kwenye kwaya binti yangu ameacha kutafuna, amenitolea macho, anauliza kwa macho mama ulijua, nami namjibu kwa nyusi, sikujua mwanangu, mama yako amesikia pamoja na wenye mikoba... shule nyingine tena, sare nyingine, kuanza kuulizwa tena wewe ndiye mtoto wa mchungaji, hebu tuombee, na mtihani wake ni mwaka ujao... na yeye pale mbele anachezea ncha ya ile stola yake, utepe wa ukasisi shingoni, anaiviringisha kidoleni, anaiachia, anaiviringisha, hanitazami, tangu lini amejua, ule mfereji wa bati uliovunjika nyuma ya nyumba, nikamwambia mwite fundi kabla ya mvua, akasema tungoje kidogo, yeye, mtu asiyeweza kuona balbu imeungua akakaa, na banda la kuku nililotaka kuliongeza, akasema kuku hawa wanatutosha, mtu anayelalamika kila asubuhi mayai hayatoshi, ishara zote zilikuwa mezani nami nazifuta na kitambaa kama makombo, mjinga mimi, ndoa yote hii bado sijajifunza kusoma ukimya wa mtu.

Na mapazia, Mungu wangu, mapazia... yale ya maua ya buluu niliyashona nikiwa bibi arusi, kwa nyumba ya parokia ya kwanza, madirisha marefu, nilishona nikiimba, hatukumaliza kuzoea mlio wa mlango, lori la kutuhamisha likaja, nyumba ya pili madirisha mafupi mapana, nikakata chini nikaunganisha pembeni, nyumba ya tatu hii, nikafumua tena, sasa hayana umbo, yana mishono kama tumbo la mgonjwa wa upasuaji, na kila mgeni husema mapazia mazuri Mama Mchungaji, nami nasema asante, karibu chai, na si mapazia tu, kule parokia ya pili nilikuwa nimepewa wodi ya wazazi hospitalini niisimamie, mimi, kwa cheti changu na jina langu, nikakabidhiwa ufunguo wa kabati la dawa, nikautia kwenye uzi nikauvaa shingoni, nikiinama juu ya mama anayejifungua ulikuwa unanigonga kifuani, tik, nikaupenda mlio ule, kisha siku moja mume wangu akarudi kutoka kwa askofu na ile sauti yake ya upole, nikaurudisha ufunguo, matroni akanishika mkono akasema pole, kama nimefiwa, na kweli nilikuwa nimefiwa, ila hakuna aliyekuja kukaa msibani... "mratibu wa vijana," anasoma mzee, "awe mchangamfu, awe tayari kusafiri," kila kazi ina awe na awe, ya kwangu tu haijawahi kutangazwa, nani aliwahi kusimama pale akasoma anatakiwa mke wa kasisi, awe na sauti ya kuongoza wimbo ila asiwe na sauti kwenye vikao, ajue kupika kwa watu ambao hawakusema wanakuja, akumbuke nani amefiwa na nani amejifungua na nani haongei na nani, asichoke hadharani, asivae cha kung'aa, asivae kilichochakaa, mapazia aje nayo, na likizo hakuna, hata mimi mwenyewe nisingeomba kazi hiyo, nami nilipewa bila kuomba, nikadhani ni mahari ya upendo, na upendo ulikuwepo, siwezi kusema haukuwepo, upo, ndiyo maana nimekaa hapa nataka kulia na ninatabasamu.

"Na mwisho kabisa," anasema, hakuna anayemwamini, "kituo cha afya cha dayosisi," hapo mtaa wa pili tu, ninapokwenda kushika zamu za wauguzi walio likizo, zamu za watu, maisha yangu yote zamu za watu, "anatakiwa muuguzi kiongozi," najua, yule mama aliyeishika amestaafu, tulimkatia keki, "aliyesomea uuguzi na ukunga, mwenye uzoefu," na siku hiyo daktari wa kituo alikuja akasimama karibu yangu na sahani yake akasema, Mama Mchungaji, wewe kazi hii unaijua, lakini leo upo, kesho lori liko mlangoni, nikuajiri vipi, nikacheka, nilicheka kweli, kwa sababu ana haki, mke wa mchungaji ni mtu wa kupita, "nyumba ya kuishi itatolewa ndani ya eneo la kituo," na hapo mume wangu anainua kichwa. Ananitazama. Kwa mara ya kwanza tangu tangazo lile, ameiachia stola, ananitazama mimi peke yangu juu ya vichwa vyote hivi, na si uso wa madhabahuni, ni ule uso wa Jumanne, wa mlangoni pa jikoni... Jumanne, alirudi kutoka kwa askofu, akala amesimama, akasema, "Hivi kile cheti chako cha uuguzi, bado unacho?" nami nilikuwa namenya vitunguu, macho yananiwaka, nikamwambia, "Kwani nimekufa, unataka kuniandikia wasifu?" hakucheka, akasema, "Basi, mama, nilikuwa nauliza tu," akatoka nje akasimama chini ya ule mfereji uliovunjika, akiutazama, muda mrefu, nikadhani hatimaye atamwita fundi... alijua yote mawili, alikuja jikoni na mambo mawili mdomoni, akatoa nusu ya moja, basi, mtu huyu anaweza kuhubiri mpaka watoto wakalala sakafuni, na hawezi kuniambia mimi mkewe sentensi moja, mama, nimehamishwa, na ile nafasi ya kituo ipo, unaonaje, ni hivyo tu, hata pumzi moja haijai, badala yake nasikia kwa Mzee Mwisho-Kabisa katikati ya madereva na wahasibu, na sasa ananitazama hivyo, anatazama nini, ananipa ruhusa? Nani aliomba ruhusa? Natamani kumrushia kitabu cha sala... tukipatana ni Baba, nikikasirika ni Mchungaji, leo nitamwita Mchungaji mpaka kesho kutwa.

Lakini kasirika, sawa, kisha? Yeye ataenda, hilo najua, askofu akisema neno jibu lake ni ndiyo, Baba Askofu, amejibu hivyo tangu ujana, na mimi jibu langu limekuwa kufungasha, vikombe ndani ya magazeti, kuku ndani ya kikapu, sijawahi hata kuulizwa, na kibaya zaidi sijawahi hata kujiuliza, watasema nini nikibaki, watasema amemfukuza mumewe, akina mama watatuwekea siku ya maombi, huyu wa pembeni yangu ataleta uji na maswali, wote watasema, wasemao hawajawahi kurudisha ufunguo... ile nyumba ya kituo iko nyuma ya tangi la maji, mlango wa kijani, nimekunywa chai mle baada ya zamu, yule mama alikuwa na redio na viti viwili, na madirisha, ina madirisha mangapi ile nyumba, marefu au mafupi, sijui, nimekaa mle ndani na sikuyatazama, nilikuwa mgeni tu, hakuna sababu ya mgeni kutazama madirisha... na binti amalizie shule hapahapa, na yeye kama akitaka kukaa na mkewe, basi atangaziwe kama wengine, anatakiwa mume wa muuguzi kiongozi, awe tayari kuhama, ajue kuchemsha maji mkewe akiwa zamu, awe na uwezo wa kusema jambo zima kwa wakati mmoja, mwanaume aliyewahi kuwa kasisi atafikiriwa kwanza, na hapo tabasamu langu linabadilika, nalihisi linavyobadilika, si lile la kazini, naye kule mbele ameliona, amekunja uso, hajui kama anapatanishwa au anashtakiwa, na mimi pia sijui, akae na hilo kidogo, mimi nimekaa na mengi.

"Maombi yapelekwe kwa katibu wa dayosisi," anasoma mzee, na huyu mama ananishika goti, macho yamemjaa machozi, kweli ananipenda, "Mama Mchungaji, jamani, tutakukosa," nami nasikia sauti yangu ikisema, taratibu, bila kuipanga, "mimi bado nipo, mama," ananitazama kama hajanielewa, sawa, hata mimi ndiyo naanza kuelewa, msumari wa benchi bado unanichoma, sufuria huenda imeungua, na Mzee Mwisho-Kabisa anakunjua karatasi nyingine, na mwisho kabisa, anasema, asome, asome tu hata mpaka jioni, utepe wa kupimia uko kwenye kisanduku cha cherehani, kesho kabla ya zamu nitapita pale nyuma ya tangi, nitamwomba mlinzi anifungulie, na mara hii nitapima madirisha kwanza, ndipo niende kununua kitambaa.