Bibi Kasema Asante Mapema

Bibi alisema asante, jiko zima likamgeukia!

Sikieni. Kwetu Cholchol, mji wetu sisi Wamapuche kusini mwa Chile, chai ya kibuyu tunakunywa kwa mrija mmoja, kibuyu kinazunguka. Ukimrudishia anayemimina bila neno, zamu yako ikifika anakujazia tena. Ukisema asante, ndiyo basi, umemaliza. Na Bibi Ercilia hajawahi kusema asante birika likiwa bado na maji. Jumapili hiyo kasema raundi ya kwanza!

Mama akabaki na kibuyu mkononi. "Mama mkwe, umesemaje?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hata mkate hujagusa."

Shangazi Nolfa akamsogelea mama yake, akambonyeza kidogo chini ya mbavu za kulia. Bibi akaruka.

"Haa! Mawe ya nyongo hayo! Tangu lini?" Shangazi akauliza.

"Tangu tule yule nguruwe wa harusi," Bibi akanong'ona. "Na hospitali siendi. Mama yangu aliingia na maumivu haya haya, akatoka kafunikwa shuka."

Mimi tayari niko kwenye simu. Nikasoma kwa sauti: "Eti sisi Wamapuche, karibu nusu ya wanawake watu wazima wana mawe ya nyongo!"

"Nusu?" Shangazi akacheka. "Hiyo nusu nyingine haijapimwa!" Akapandisha blauzi, vikovu vidogo vinne. "Ona, mama. Niliingia, nikatolewa, nikatoka, nikala."

"Ulikula kweli," Mama akasema. "Inaonekana."

"Wifi, funua na wewe, acha maneno."

Mama akafunua. Lake ni kovu moja refu, la enzi zile wanakupasua kama gunia la viazi. Bibi akalipapasa kwa kidole, polepole.

"Uliogopa, mwanangu?"

"Sana, mama. Nani alinishika mkono mpaka mlangoni?"

"Si ni mimi hapa."

"Basi sasa zamu yangu."

Bibi akamwambia Shangazi amletee koti.

Wiki iliyopita katoka hospitali, karudi jikoni, kakonda, mkono mmoja kwenye tumbo. Mama akamimina. Bibi akavuta mrija mpaka ukakoroma, akarudisha kibuyu. Wote tunamtazama mdomo. Hata simu niliiweka chini, mimi!

Hakusema kitu.

Kibuyu kikazunguka, zamu yake ikafika. Mama akamjazia tena.